Maswali ya Mashindano Katika Chuo cha Ualimu

Watu wengi wasikiapo habari za mashindano ya hisabati huwaza watoto wachache wenye vipaji, waliochujwa katika taifa zima na kupelekwa ng'ambo kutafuta medali. Na kwa kuwa huwaza hivyo, chuo cha ualimu, ambako vijana hujifunza namna ya kumfundisha mtoto wa kawaida katika darasa lililosongamana, huonekana kwao kuwa mahali pa mwisho panapostahili kupelekewa maswali ya namna hiyo. Rai yangu ni nyingine. Mtoto bingwa aghalabu angeifikia hisabati hata kama asingepata wa kumwongoza, lakini mwalimu ambaye hajapata kukaa mbele ya swali asilojua njia yake, akahangaika nalo na kulirudia, atawezaje kumstahimilia mwanafunzi aliye katika hali hiyo hiyo mbele yake?

Mintarafu ya jambo hili, nchi ya Hungaria ina habari inayofaa kukumbukwa. Mwaka 1894 Dániel Arany, mwalimu wa sekondari katika mji wa Győr, alianzisha jarida la hisabati la kila mwezi kwa azma ya kuwapatia walimu na wanafunzi hazina ya mifano. Wanafunzi wakawa wanapeleka majibu yao, na yaliyo bora yakichapishwa pamoja na majina ya walioyatoa. Mwaka huo huo chama cha wanahisabati na wanafizikia cha nchi hiyo kilianzisha shindano la vijana waliomaliza sekondari, kwa heshima ya mwenyekiti wake, Loránd Eötvös, aliyekuwa amefanywa waziri wa elimu. Na mwaka 1895 kikafunguliwa Budapest, kwa jitihada za Eötvös huyo, chuo cha bweni cha kuwalea walimu wa sekondari, kikapewa jina la marehemu baba yake. Jarida, shindano na chuo cha walimu vilitokea karibu kwa pamoja, na wala sidhani kwamba kimoja kingezaa matunda yale bila ya vingine. Miongoni mwa walioshinda katika miaka ya mwanzo walikuwamo Lipót Fejér na Theodore von Kármán, ambao baadaye walisifika duniani. Lakini linalonivutia zaidi ni utaratibu wenyewe: mtahiniwa alipewa maswali matatu tu, naye aliruhusiwa kuingia na vitabu vyake, maadam jibu halikuwamo katika kitabu chochote.

Tulitazame swali la kwanza la mwaka ule wa 1894. Lilitaka ithibitishwe kwamba 2x + 3y na 9x + 5y hugawanyika kwa 17 bila baki kwa namba kamili zile zile za x na y. Mwanachuo aliyezoea kanuni atatafuta kanuni, asiione. Mkufunzi mwenye busara hatamwonea huruma upesi; atamwambia ajaribu namba. Basi x ikiwa 7 na y ikiwa 1, hupatikana 17 na 68. X ikiwa 1 na y ikiwa 5, hupatikana 17 na 34. Jambo lasadikika, lakini bado halijathibitika, na tofauti baina ya kusadiki na kuthibitisha ndiyo roho ya hisabati. Hapo mwanachuo mmoja huanza kuyajumlisha mafungu mawili, mwingine kuyatoa, hata mmoja wao azidishe lile la kwanza kwa 4 na kuongeza la pili, naye hupata 17x + 17y. Kazi imekwisha nusu: jumla hiyo sikuzote hugawanyika kwa 17, kwa hiyo fungu la kwanza likigawanyika, la pili nalo halina budi kugawanyika. Nusu ya pili hutaka kurudi nyuma, na watu wengi huisahau: la pili likigawanyika, hugawanyika pia mara nne ya la kwanza, na kwa kuwa 4 na 17 hazina kigawo cha shirika isipokuwa 1, fungu la kwanza lenyewe hugawanyika.

Katika shindano mambo hukoma hapo, ilhali katika chuo cha ualimu ndipo yanapoanza, kwa sababu sasa mkufunzi huwaomba wanachuo watunge swali lao la jinsi hiyo. Mmoja atachukua 13, azidishe 2x + 3y kwa 5, aitoe katika 13x + 26y, apate 3x + 11y. Swali lake ni sahihi, naye hulifurahia kama mali yake. Mwingine atachukua 6 na kuandika x + y pamoja na 2x + 2y, kwa kuwa mara nne ya la kwanza ukiongeza la pili hupata 6x + 6y. Swali hili limevunjika: x + y ikiwa 3, fungu la pili ni 6 nalo hugawanyika, bali la kwanza haligawanyiki. Kwa nini? Kwa sababu 4 na 6 zina kigawo cha shirika, yaani 2. Mwanachuo aliyelitunga swali hili lililovunjika amejua kazi ya 17 katika swali la asili kwa undani kuliko aliyenakili jibu ubaoni, na ubunifu ninaoutaka kwa walimu wetu ni huu hasa: kuigeuza hali, kuona kinachosimama na kinachoanguka, na kuuliza sababu.

George Pólya, mzaliwa wa Budapest aliyehamia Marekani na kufundisha Stanford, alitoa mwaka 1945 kitabu mashuhuri juu ya namna ya kutatua maswali, kisha akatumia miaka mingi kuwafundisha walimu wa sekondari kwa kuwapa maswali ya kutatuliwa na wao wenyewe, kwani aliona kwamba mtu hawezi kumpa mwanafunzi ladha ya ugunduzi ambayo yeye mwenyewe hajaionja.

Wako wanaosema kwamba mashindano huwavunja moyo walio dhaifu. Ni kweli, na hadhari hiyo yafaa kuzingatiwa. Kwa hiyo chuoni saa iondolewe, orodha ya washindi isibandikwe, na swali moja liachwe ubaoni kwa juma zima ili anayefikiri polepole naye alifikie. Wako pia wanaosema kwamba muhtasari umejaa na mtihani unakaribia. Swali moja kwa juma halimzuii mtu kumaliza muhtasari. Na muhula ukaribiapo kwisha, kila mwanachuo alete swali moja alilolitunga, pamoja na majaribio yake yote yaliyoshindikana, na mkufunzi ayasahihishe majaribio hayo kwa uangalifu ule ule anaosahihishia jibu.