Kutoka Mutoyi hadi Rumonge: Siku Moja Kando ya Tanganyika

Kilima cha Mutoyi, katika Bugendana kaskazini ya Gitega, hakina ziwa wala bahari. Kina migomba, kahawa, mikaratusi, na hospitali inayojulikana katika vilima vyote vya jirani. Hata hivyo mvua inyeshayo juu ya mabati ya Mutoyi huteremka mabondeni mpaka mto Ruvubu. Ruvubu huingia Kagera, Kagera humwaga katika ziwa Victoria, na kutoka huko maji yale yale hushika njia ya Nili mpaka Bahari ya Mediterania. Pwani hiyo ya mbali, ambayo watalii wa Ulaya huilipia fedha nyingi ili waitembezwe kwa siku moja, hupokea basi maji ya kwetu. Pwani tuliyokwenda kuitazama sisi ni ya upande mwingine wa milima, na maji yake hayaendi huko kabisa.

Tunaandika habari hii kwa ajili ya ndugu askari na polisi kwa sababu wengi wao huijua barabara ya ziwani kuliko sisi. Wamesimama hapo usiku na mchana kukagua magari, nyuso zikielekea barabarani na migongo ikielekea ziwani. Yafaa siku moja ya likizo mtu ageuke atazame.

Tulitoka kabla ya mapambazuko, watu saba, na mwongozaji wetu alikuwa mzee aliyezaliwa kando ya ziwa. Gitega tuliipita ingali na ukungu. Baada ya Muramvya barabara hupanda mpaka Bugarama, na hapo mzee aliomba gari lisimame. Akatuonyesha mtaro wa kawaida kando ya barabara, akasema: "Wanangu, maji ya upande huu huenda Misri. Ya upande ule huenda Kongo." Hakuna mnara hapo, ila wauza kabichi na karoti. Bali ndio mgongo unaogawanya mabonde mawili makubwa ya Afrika, na sisi tunadhani mahali hapo panastahili kibao angalau kidogo.

Kuteremka kutoka Bugarama mpaka Bujumbura kunahitaji breki nzuri na moyo mtulivu. Vijana wa baiskeli, baada ya kushusha ndizi zao mjini, hushikilia nyuma ya malori ili wavutwe mlimani, na polisi wa usalama barabarani wanajua ni wangapi wameumia kwa mchezo huo. Kisha ghafula, katika kona moja, ziwa huonekana chini, na ng'ambo yake milima ya Kongo imesimama kama ukuta.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zipatazo 670 na kina cha meta 1,470. Katika maziwa yote ya dunia, ni Baikal la Urusi tu linalolizidi kwa kina. Nchi 4 hulichangia: Burundi, Tanzania, Zambia na Kongo.

Kituo cha kwanza kilikuwa Mugere, kilometa zisizozidi kumi na tano kusini ya Bujumbura, penye jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wageni wengi hudhani kwamba hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone. Sivyo, walikutana Ujiji majuma machache kabla. Walifika Mugere kwa mtumbwi, wakalala usiku mbili, na shauri lililowaleta lilikuwa lile lile la mtaro wa Bugarama. Walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia, kwa maana kama ungetoka, huenda Tanganyika lingekuwa chanzo cha Nili. Walikwenda mpaka mdomo wa mto, wakaona kwamba maji yanaingia. Njia ya kutokea ni Lukuga, ng'ambo ya Kongo, ambayo Mwingereza Cameron aliikuta mwaka 1874. Wavuvi waliokuwa wakiishi hapo wangeweza kuwajibu kuhusu Rusizi kabla hawajapanda mtumbwi.

Kutoka Mugere barabara hubanwa kati ya mlima na maji. Hapo mzee alisimulia vita, na kila mmoja wetu alinyamaza. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani ndio waliotawala ziwa kwa meli zao. Waingereza walileta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Afrika ya Kusini kwa reli na kwa kukokotwa porini. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 ikazamishwa Hedwig von Wissmann. Meli kubwa, Graf von Götzen, ilikuwa imejengwa Papenburg, Ujerumani, ikafumuliwa na kusafirishwa katika makasha 5,000 hadi Kigoma. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, lakini mafundi walizipaka mashine grisi kwanza. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Askari atakayesoma hapa na akumbuke wale mafundi: walitii amri ya kuzamisha, na kazi yao ya mikono haikupotea.

Maji hayo hayo ndiyo aliyoyavuka Che Guevara Aprili 1965, kutoka Kigoma mpaka Kibamba, kwenda kusaidia waasi wa Kongo. Novemba ya mwaka huo aliyavuka tena, akirudi.

Rumonge tulifika jua likiwa utosini. Mji huu ni wa michikichi na wa Kiswahili. Muuza samaki akikuita hapa utadhani uko Ujiji. Tulikula mukeke wa kuchoma, samaki ambaye ndugu zetu wa Kigoma humwita mgebuka, na juu ya turubai kando yetu ndagala walikuwa wakikauka. Ng'ambo, rasi ya Ubwari ilionekana wazi.

Mtu mmoja wetu aliuliza mashamba haya mazuri ya michikichi ni ya nani. Mzee hakujibu upesi. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza katika pwani hii, Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wengi waliuawa. Kisha serikali ya wakati huo ililipiza kwa kuwaua Wahutu nchi nzima kwa muda wa miezi, na wanaohesabu idadi husema kati ya 100,000 na 300,000. Mwezi wa Februari 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitangaza kwamba imefukua mabaki ya watu zaidi ya 6,000 katika Karuzi, kando ya Ruvubu ile ile inayopokea mvua ya Mutoyi. Waliokimbilia Tanzania kwa mitumbwi waliacha michikichi yao, na wengine wakapewa. Waliporudi baada ya miaka 30 na zaidi, mti mmoja ulikuwa na wenyewe wawili: aliyeupanda na aliyezaliwa chini yake. "Polisi huitwa kutenganisha," mzee alisema, "na wote wawili wanasema kweli."

Tena ziwa lenyewe nalo linadai ardhi. Mwaka 1964 lilipanda sana. Likapanda tena kuanzia 2020, na mwaka 2024 nyumba za pwani na bandari ziliingiwa na maji. Mahali pawili tulipopita, minazi ilisimama ndani ya ziwa.

Tulirejea jioni. Wavuvi walikuwa wakiingia majini na taa zao, kwa kuwa ndagala hufuata mwanga, na giza lilipokamilika taa zilionekana kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji.

Atakayetaka kwenda, na achague siku baada ya mvua. Kuanzia Juni mpaka Septemba vumbi na moshi wa kiangazi hufunika ng'ambo, na mtu anaweza kukaa Rumonge juma zima asiione Kongo.