Gari la spoti lililolala lisiamshwe kwa betri

Mwonyeshe fundi gari lililolala miaka 30, na jambo la kwanza atakaloitisha ni betri. Litasukumwa, litavutwa kwa kamba, na hapo ndipo magari mengi ya zamani yaliyokuwa yangali mazima yanapouawa.

Tuseme ni MGB, gari la viti viwili lililoundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya 500,000. Limeegeshwa nyuma ya nyumba ya marehemu mzee mmoja Kendu Bay, kuku wanataga kwenye viti. Kabla spana haijaligusa, familia imalize mambo ya urithi. Logbuku yenye jina la marehemu haihamishwi kwa maneno ya mdomo, na nimeona huzuni kubwa pale ndugu wanapogombania gari ambalo mmoja wao tayari ameligharamia.

Kisha injini. Ringi za pistoni huwa zimeshikana na silinda. Plagi zing'olewe, oili nyepesi imiminwe kwenye kila tundu, iachwe siku kadhaa, halafu injini izungushwe kwa mkono, polepole. Petroli ya zamani imwagwe yote: imegeuka utomvu na kuziba kabureta zote mbili. Spana nazo ziwe za inchi. Ile ya milimita 13 huingia kwenye nati ya nusu inchi ikiwa imelegea kidogo, na inatosha kula kona zake zote. Fundi wa umeme naye aangalie betri mara mbili, kwa kuwa MGB za kabla ya mwishoni mwa 1967 huungwa chanya kwenye bodi, kinyume cha magari aliyoyazoea.

Bodi ndiyo inayonitia hofu zaidi. Gari hili halina paa la kulishikilia, kwa hiyo nguvu yake iko kwenye mihimili ya chini ya milango, na hapo ndipo kutu hupenda kukaa. Fundi akiikata gari likiwa juu ya jeki, bodi hupinda katikati na mlango haufungi tena maishani. Achomelee kwanza chuma kwenye uwazi wa kila mlango, ndipo akate.

Ujuzi upo. Jua kali wa Migori hunyoosha matatu zilizogongwa kila wiki, na Awendo, penye kiwanda cha sukari cha SONY, hapakosi watu wanaojua kukereza chuma. Vipuri navyo bado vinatengenezwa Uingereza. Tangu 1988 British Motor Heritage imekuwa ikiunda hata bodi nzima mpya za MGB. Na kwa kuwa Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza magari yaliyozidi miaka 8, lile lililolala hapa ni mali. Pale Ngong Racecourse, Nairobi, magari ya aina hii yamekuwa yakishindanishwa kwa unadhifu kwa miaka mingi, na ningefurahi sana kuona moja la kutoka Nyanza Kusini.

Ila breki zitangulie rangi. MGB nyingi za miaka ya 60 zina mkondo mmoja tu wa breki: bomba moja likipasuka, zote zimekwenda. Mipira yote ibadilishwe, hata inayoonekana nzima. Na safari ya kwanza ianzie Homa Bay ikipanda kwenda Rongo, si Rongo ikiteremka ziwani.