Kompresa ya AC ikifa: Mkanda mfupi huokoa gari, mtoto je?

Septemba na Oktoba ni miezi ambayo wakazi wa Shanwe, moja ya kata za Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, huisubiri mvua kwa hamu. Jua ni kali, vumbi limetanda, na gari lililoegeshwa nje kwa nusu saa halikaliki. Ndiyo miezi ambayo kiyoyozi cha gari, au AC kama wengi wanavyoita, hutumika kuliko wakati wowote. Ndiyo pia miezi ambayo ubovu wake hujitokeza.

Dalili ya kwanza mara nyingi ni sauti: mlio wa kusaga upande wa mikanda, kisha harufu ya mpira unaoungua. Fundi anafungua boneti, anajaribu kuzungusha puli ya kompresa kwa mkono, inagoma. Kompresa imekamata.

Kompresa mpya ni ghali, ya mtumba haina uhakika, na kwa gari lisilo la kawaida huenda ikabidi kuiagiza kutoka mkoa mwingine. Hapo ndipo linapokuja pendekezo la kuiruka kompresa kwa kufunga mkanda mwingine, mfupi zaidi.

Kwa familia yenye gari moja linalopeleka watoto shule na mama mjamzito kliniki, pendekezo hilo lina mantiki. Likifanyika sawasawa, gari hutembea vizuri kwa muda mrefu. Lakini linatibu injini tu. Joto ndani ya gari linabaki palepale, na wa kwanza kuumia ni mtoto aliye kiti cha nyuma.

Kwa nini kompresa isimamishe gari zima

Mbele ya injini kuna mkanda wa mpira, ambao mafundi wengi huuita feni belti. Katika magari mengi ya kisasa ni mkanda mmoja mrefu unaozungusha vitu kadhaa kwa pamoja: altaneta inayochaji betri, pampu ya pawa stelingi, kompresa ya AC, na katika magari mengi hata wota pampu inayozungusha maji ya kupoza injini.

Kompresa ikikamata, mkanda unaendelea kuvutwa na injini huku puli moja ikikataa kuzunguka. Unasuguana, unapata moto na hatimaye unakatika. Ukikatika, betri haichajiwi, usukani unakuwa mzito ghafla na, kama wota pampu inategemea mkanda huo, injini inaanza kuchemka. Yote hayo yanaweza kutokea mtoto mwenye homa akiwa njiani kwenda hospitali.

Si kila ubovu unahitaji mkanda mwingine

Kabla ya kukubali kubadilishiwa mkanda, mzazi amwombe fundi ahakikishe kilichoharibika ni nini hasa.

Kompresa nyingi zina klachi ya sumaku. AC ikizimwa, puli huzunguka yenyewe bila kuizungusha kompresa. Kwa hiyo kama tatizo ni gesi iliyokwisha au ubovu wa ndani, na beringi ya puli bado ni nzima, inatosha kuchomoa waya wa klachi, kuuziba kwa tepu na kuacha mkanda ulivyo. Kuna kompresa za kisasa zisizo na klachi. Hizo huzunguka muda wote injini inapowaka, na njia hii haizifai.

Magari mengi ya zamani yana mikanda miwili au mitatu, mmoja ukiwa wa AC peke yake. Hapo kazi ni rahisi zaidi: mkanda wa AC unatolewa, mingine inabaki.

Mkanda mfupi unahitajika pale ambapo mkanda ni mmoja na puli ya kompresa imekamata au beringi yake imekufa. Njia nyingine ni kuitoa kompresa na kufunga puli tupu mahali pake, ili mkanda wa zamani uendelee kutumika. Tofauti ni kwamba kuitoa kompresa kunahitaji kufungua mabomba ya gesi. Gesi hiyo hutoka ikiwa baridi kali inayoweza kuunguza ngozi na macho, hivyo inatakiwa kunyonywa kwa mashine na kuhifadhiwa, si kuachiwa hewani. Mkanda mfupi hauna hatari hiyo, kwa sababu kompresa inabaki ilipo na mabomba yake yamefungwa.

Kwa wenye magari yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, tahadhari ni kubwa zaidi. Mengi yana kompresa inayoendeshwa na umeme wa nguvu kubwa, isiyo na mkanda kabisa. Nyaya zake huwa za rangi ya chungwa, na hazipaswi kuguswa na fundi asiye na mafunzo ya magari hayo.

Maswali manne kwa fundi

Mzazi hahitaji kujua ufundi ili kulinda familia yake. Maswali manne yanatosha.

*Mkanda huu umepatikanaje?* Jibu zuri ni kwamba gari la aina hiyo liliwahi kutengenezwa bila AC, na huo ndio mkanda wake. Kama halikuwahi, fundi makini hupitisha kamba isiyovutika kwenye puli zote isipokuwa ya kompresa, akapima urefu, kisha akatafuta mkanda unaolingana. Mkanda huandikwa namba. Kwa mfano, 6PK1880 maana yake ni mifereji 6 na urefu wa milimita 1,880. Idadi ya mifereji lazima ilingane na ya puli. Kinachobadilika ni urefu.

*Je, kila puli inazunguka upande wake wa awali?* Mkanda mrefu huzungusha puli nyingine kwa upande wenye mifereji na nyingine kwa mgongo ulio laini. Njia ikibadilishwa vibaya, wota pampu inaweza kuzunguka kinyume na injini ikachemka hata kama rejeta imejaa maji.

*Mkanda unashika puli vya kutosha?* Kompresa ikiondolewa njiani, mkanda unaweza kugusa puli ya altaneta au ya wota pampu kwa sehemu ndogo tu, ukawa unateleza na kupiga kelele. Pia usiguse chuma, bomba wala puli ya kompresa iliyokufa. Yapo magari ambayo mpangilio wa puli hauruhusu kabisa kuiruka kompresa. Fundi mwaminifu atasema hivyo.

*Kikazio kiko wapi?* Kifaa kinachokaza mkanda kiwe katikati ya mwendo wake, si mwisho. Mkanda uliolegea huteleza. Uliokazwa kupita kiasi huua beringi za altaneta na wota pampu.

Baada ya kufunga, injini iachwe iungurume huku geji ya joto na taa ya betri vikiangaliwa, usukani ukizungushwa kulia na kushoto. Mkanda ukaguliwe tena baada ya wiki moja. Watoto wakae mbali na boneti iliyo wazi, na anayechungulia asiwe na kanga au mtandio unaoning'inia.

Jambo moja husahaulika: namba ya mkanda mpya iandikwe na kubandikwa ndani ya boneti, na mkanda wa akiba wa namba hiyo ukae kwenye gari. Mkanda ukikatika safarini, muuza spea atatafuta kwa jina la gari na kutoa ule mrefu wa awali, ambao hautafaa.

Gari limepona, joto limebaki

Mwili wa mtoto mdogo hupata joto haraka zaidi kuliko wa mtu mzima, na mtoto mchanga hawezi kujivua nguo wala kuomba maji. Kwa hiyo safari ndefu ipangwe alfajiri. Avae nguo moja nyepesi ya pamba, na asifunikwe uso kwa kanga nzito kwa kuogopa vumbi, kwani hewa itakosa kupita.

Aliye chini ya miezi sita anyonyeshwe mara nyingi zaidi, hahitaji maji. Aliyevuka umri huo apewe maji kidogo kidogo njia nzima, hata kama hajaomba.

Mtoto akilegea, akikataa kunyonya, akitapika au ngozi yake ikiwa ya moto kupita kawaida, simamisheni gari kivulini. Mvueni nguo, mloweshwe mwili kwa maji, apepewe, huku mkielekea kituo cha afya kilicho karibu. Akipoteza fahamu au kupata degedege, hiyo ni dharura, msimnyweshe kitu.

Mtoto asiachwe kamwe ndani ya gari lililoegeshwa, hata dakika chache na hata kioo kikiwa wazi kidogo. Juani, joto ndani ya gari lililofungwa linaweza kupanda kwa nyuzi 10 hivi za Selsiasi ndani ya dakika 10.

Vioo wazi, mbung'o ndani

Kwa familia za Mpanda kuna jambo la ziada. Barabara ya kwenda Sumbawanga hupita Sitalike na kukatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974. Humo kuna mbung'o, wanaoitwa pia ndorobo, ambao baadhi hubeba vimelea vya malale. Huruka mchana, huvutwa na vitu vinavyotembea, likiwamo gari, na hupenda rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi. Huuma hata kupitia nguo nyembamba.

Asiye na AC hujikuta kati ya joto na mbung'o. Njia ya kati ni kuendesha na vioo wazi kabla ya kufika hifadhini, kisha kuvifunga na kuwasha feni ya gari ikivuta hewa ya nje. Feni haitegemei kompresa. Watoto wavae mikono mirefu ya rangi hafifu, wajisaidie kabla ya kuingia, na gari lisisimame porini bila sababu.

Mtoto akipata homa siku au wiki kadhaa baadaye, hasa kama ana uvimbe wenye maumivu pale alipoumwa, mzazi amweleze mhudumu wa afya kwamba walipita eneo la mbung'o. Homa nyingi hudhaniwa kuwa malaria, na malale yasipotibiwa huua.

Mvua zikianza, kuanzia Novemba, joto litapungua lakini kioo cha mbele kitajaa ukungu, kwa kuwa AC ndiyo iliyokuwa ikikausha hewa. Dereva atumie hewa ya moto ya hita ikielekezwa kwenye kioo, na afungue dirisha kidogo.

Mkanda mfupi ni msaada halali kwa familia inayosubiri fedha za kompresa. Anayeukubali apange pia safari zake upya: saa ya kuondoka, maji, nguo za mtoto na mahali pa kufunga vioo.