Ukurutu wa Mtoto Mchanga: Tuache Kumhukumu Mama

Miongoni mwa maswali yanayonifikia mara kwa mara katika kipindi hiki, moja linahusu watoto wachanga wenye ngozi inayowasha. Linakuja kwa maneno mengi lakini kiini chake ni kimoja. Mtoto ana miezi mitatu au minne, mashavu yamekuwa makavu na yamejaa vipele, usiku halali kwa kujisugua uso kwenye shuka, na mama yake amekwishaambiwa na kila anayeingia nyumbani kwamba kosa ni lake. Mmoja anasema kilichomponza ni pweza, mwingine anataja mayai, wa tatu anadai maziwa yake ni machafu na mtoto aachishwe. Mwisho wa yote mama anabaki kula ugali na mchicha, na mtoto bado anajikuna.

Leo nataka tulitazame jambo hili kwa utaratibu, kwa sababu tabia ya kumtafuta mchawi ndani ya sufuria ya mama imewanyima watoto wengi chakula, usingizi na matibabu.

Ugonjwa ninaouzungumzia unaitwa ukurutu. Wengi siku hizi wanauita pumu ya ngozi, na jina hilo lina maana yake. Ukurutu wa watoto ni ndugu wa pumu ya kifua na wa yale mafua ya mzio, ya kupiga chafya kila vumbi linapotimka. Aghalabu katika ukoo wa mtoto kuna mtu mwenye mojawapo ya hayo. Lakini jina lisiwatishe. Ukurutu hauambukizi. Wala si kweli kwamba ukiutibu kwenye ngozi utaingia ndani na kushika kifua.

Sasa unatokana na nini? Ifikirieni ngozi kama ukuta wa matofali. Chembe za ngozi ndizo matofali, na mafuta ya asili yaliyo katikati yake ndiyo udongo unaoyashikamanisha. Kwa mtoto mwenye ukurutu udongo huo ni haba na ukuta una nyufa. Maji ya mwilini yanapotea kupitia nyufa hizo, ngozi inakauka. Na vitu vya nje, kama sabuni, vumbi na bakteria, vinapata pa kuingilia. Askari wa kinga ya mwili wanaviona, wanaanza kupigana, ngozi inavimba na kuwasha. Mtoto anajikuna, na kila akijikuna anabomoa ukuta zaidi. Hapo ndipo mzunguko unapoanza.

Mwaka 2006 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dundee, huko Scotland, walionyesha kwamba baadhi ya watu huzaliwa na kasoro katika jeni inayotengeneza protini iitwayo filagrini, ambayo ni muhimu katika kuujenga ukuta huo. Kasoro zilizoonekana kwa watu wa Ulaya ni nadra kwa watu wa asili ya Kiafrika, hali watoto wetu nao wanapata ukurutu. Maana yake ni kwamba njia za kuudhoofisha ukuta ni zaidi ya moja. Hata hivyo fundisho ni lile lile: udhaifu uko kwenye ngozi yenyewe, na mama hakuuleta kwa kula samaki.

Ndiyo maana napenda tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna chanzo, ambacho ni ngozi dhaifu aliyozaliwa nayo mtoto, na hicho hatuwezi kukifukuza. Halafu kuna vichochezi, ambavyo huupandisha ugonjwa uliotulia, na hivyo tunaweza kuvitafuta. Mwenye kutafuta chanzo kimoja ili akiondoe mtoto apone siku hiyo hiyo, atahangaika bure.

Kabla ya kutafuta vichochezi, lazima tuhakikishe kwamba ugonjwa wenyewe ni ukurutu. Kwa mtoto mchanga huanzia kwenye mashavu, paji la uso na kichwa, kisha upande wa nje wa mikono na miguu. Sehemu ya nepi mara nyingi husalimika, kwa kuwa ina unyevu muda wote. Mtoto akikua ukurutu huhamia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Vitabu vingi vinasema ngozi huwa nyekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Angalieni mahali palipogeuka kijivu, zambarau au kahawia iliyokolea, penye vipele vidogo na palipo pakavu ukipapasa.

Yako magonjwa yanayofanana nao. Harara ya joto huja ghafla shingoni na mgongoni, na hupoa mtoto akipata hewa. Choa mara nyingi huwa na umbo la duara na kingo zilizoinuka. Anayetudanganya zaidi ni upele, ule unaoletwa na kijidudu kinachochimba ngozi. Huo huambukiza, huwasha zaidi usiku, na kwa mtoto mchanga hupenda viganja na nyayo. Ikiwa baba, mama na ndugu nao wanajikuna, nendeni kituo cha afya nyumba nzima. Mafuta peke yake hayataufukuza.

Tukisharidhika kwamba ni ukurutu, ndipo tuanze upelelezi. Chukueni daftari. Kila siku andikeni mtoto ameamkaje, ameogeshwa kwa nini, amevaa nini, na ngozi yake ikoje jioni. Kisha badilisheni jambo moja tu kwa wakati, mliangalie kwa muda wa wiki mbili hivi. Anayebadili sabuni, maziwa, mafuta na blanketi siku moja hatajua kilichosaidia ni kipi.

Mshukiwa wa kwanza ni sabuni. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, na sabuni ya kawaida iko upande wa pili kabisa. Sabuni ya mche tunayofulia nguo isimguse mtoto mwenye ukurutu, na hata zile zenye picha ya mtoto na harufu nzuri zina manukato yanayochokoza. Wa pili ni nguo. Kanga mpya isifunguliwe dukani ikamviringe mtoto. Ifuliwe kwanza itoke ile wanga na rangi ya ziada. Nguo zote zisuuzwe mpaka povu liishe. Blanketi la manyoya lisiguse ngozi. Tandikeni shuka la pamba katikati. Wa tatu ni joto. Tunapenda kumvika mtoto kofia, soksi na sweta mchana wa jua kali la Dar es Salaam au Mombasa, naye anatoka jasho, na jasho linawasha. Wale wa Iringa, Njombe na Limuru wana taabu nyingine: hewa ya kipupwe ni baridi na kavu, nayo hukausha ngozi. Wengine ni moshi wa sigara, moshi wa ubani na udi chumbani, vumbi la godoro, na mate yanayochuruzika kidevuni mtoto anapoota meno.

Na chakula je? Sisemi chakula hakihusiki kamwe. Wako watoto, hasa wenye ukurutu mkali ulioanza mapema, ambao wana mzio wa mayai, maziwa ya ng'ombe, karanga au chakula kingine. Lakini mzio wa namna hiyo mara nyingi hujitangaza: ndani ya dakika chache, au saa mbili hivi baada ya kula, midomo inavimba, mwili unatoka mabaka, mtoto anatapika au anapumua kwa shida. Mambo hayo yakitokea, muoneni daktari upesi. Bila ishara hizo, tena mtoto anakua vizuri, hakuna sababu ya kumnyima mama chakula wala kumwachisha mtoto ziwa. Maziwa ya mama pekee hadi miezi sita, kisha vyakula vingine huku akiendelea kunyonya: utaratibu huo haubatilishwi na ukurutu.

Tena kunyima chakula kwaweza kuleta lile lile tunalolikimbia. Mwaka 2015 madaktari wa London walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watoto 640 waliokuwa na ukurutu mkali, au mzio wa mayai, au vyote viwili. Walipoanza walikuwa na umri kati ya miezi 4 na 11. Kundi moja lilipewa vyakula vya karanga mara kwa mara, jingine likakatazwa. Walipofika miaka 5, katika wale ambao kipimo cha mwanzo hakikuonyesha mzio wa karanga, walioupata miongoni mwa waliokatazwa walikuwa kama 14 katika kila 100. Miongoni mwa waliolishwa walikuwa 2 tu. Mwenye mtoto wa ukurutu mkali azungumze na daktari kabla ya kuanza karanga, na mtoto asipewe karanga nzima maana humpalia. Lakini kukataza kila kitu kwa hofu si kinga.

Sasa tuje kwenye kumtuliza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa methali hiyo ni tiba. Kuziba ufa ni kumpaka mtoto mafuta, mengi, kila siku, hata siku ambazo ngozi inaonekana nzuri. Muogesheni kwa maji ya uvuguvugu, dakika tano hadi kumi, bila dodoki. Mkausheni kwa kumgusagusa na taulo laini, msimsugue. Kabla ngozi haijakauka kabisa, ndani ya dakika chache, mpakeni mafuta mwili mzima kwa kufuata mwelekeo wa vinyweleo. Mara mbili kwa siku ndicho kiwango cha chini.

Mafuta gani? Mafuta ya mgando yasiyo na harufu yanafaa sana, tena ni ya bei nafuu. Mafuta ya nazi safi nayo yameonekana kusaidia watoto wenye ukurutu usio mkali, katika uchunguzi uliofanywa Ufilipino. Mafuta ya zeituni, pamoja na heshima yake kubwa, hayafai kwa kazi hii, kwa kuwa wataalamu wa Uingereza wameona yanaweza kuudhoofisha ukuta wa ngozi. Na msipake kwa ubahili. Mwongozo wa matibabu wa Uingereza wa mwaka 2007 unataja gramu 250 hadi 500 kwa wiki kwa mtoto mwenye ukurutu. Kikopo kidogo kinachodumu miezi mitatu ni dalili kwamba hatupaki. Chota kwa kijiko safi badala ya vidole, na kumbuka kwamba nguo zilizolowa mafuta hushika moto upesi. Mtoto asikae karibu na koroboi au jiko.

Mwasho ukizidi, wekeni kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi juu ya mahali pale kwa dakika chache, kisha mpakeni mafuta. Kateni kucha ziwe fupi. Usiku mvisheni soksi za pamba mikononi. Kumwambia mtoto asijikune, au kumpiga kikonzi mkubwa wake anapojikuna, ni kazi bure. Na tafadhalini, msimpe dawa za mafua ili alale. Prometazini, kwa mfano, haifai kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili; inaweza kuzuia pumzi.

Ngozi ikivimba hasa, mafuta hayatoshi. Daktari anaweza kutoa krimu ya steroidi isiyo kali, kama haidrokotisoni ya asilimia 1, ipakwe kwa siku chache mahali palipovimba tu. Krimu inayojaza ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hutosha eneo la viganja vyake viwili. Ikitumiwa hivyo, msiiogope.

Ninayoiogopa mimi ni ile mirija inayouzwa madukani na sokoni bila cheti, yenye klobetasoli au betamethasoni, mara nyingi ikiwa imechanganywa na dawa ya fangasi na ya bakteria. Hizo ndizo baadhi ya zile zile zinazotumiwa kujichubua. Zinapopakwa kwa mtoto, siku tatu za kwanza ni miujiza: ngozi inalainika, jirani anasifu. Mama anaendelea kwa miezi. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, dawa inapenya mwilini na kuzilemaza tezi zinazotengeneza homoni, na ikiachwa ghafla ukurutu unarudi kwa hasira. Ngozi ya mtoto mchanga hunyonya dawa kuliko ya mtu mzima. Krimu ambayo hamjui ndani yake kuna nini, isimguse.

Msingoje nyumbani mkiona mambo haya: ngozi inatoa maji au usaha na kufanya magamba ya manjano, mtoto ana homa na hanyonyi, au kumetokea ghafla malengelenge mengi yanayofanana, yenye maumivu, yanayoacha vidonda vidogo vya duara. Hayo ya mwisho huweza kuwa virusi vya malengelenge ya mdomoni vilivyopita kwenye nyufa za ngozi, na ni jambo la hospitali siku hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye vidonda vya homa mdomoni asimbusu mtoto. Kwa kesi ngumu tunao wataalamu wa ngozi. Kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha tangu mwaka 1992, na wahitimu wake wamesambaa katika nchi nyingi za Afrika.

Watoto wengi hupata nafuu kadiri wanavyokua. Wengine huendelea nao hadi utu uzima, lakini hata hao huishi vizuri ngozi ikitunzwa. Kwa hiyo, mama mkwe, shangazi, jirani, mkienda kumjulia hali mzazi mwenye mtoto wa ukurutu, acheni kumuuliza alikula nini. Mpelekeeni kopo la mafuta ya mgando, na mumshikie mtoto saa mbili naye apate kulala.

Tukutane tena juma lijalo panapo majaliwa. Kwaherini.