Bi Mkubwa Akiondoka, Nani Atashika Daftari?

Mpenzi msomaji, ukitaka kujua habari za kisiwa cha Unguja huna haja ya kuzunguka kisiwa kizima. Kaa Darajani asubuhi moja tu. Pale nje ya soko la Estella, lililojengwa mwaka 1904, atokaye Makunduchi huja na habari za bahari, atokaye Kizimbani huja na habari za mvua na karafuu, na mwuza mchicha atakuambia ni bustani zipi zimejaa maji. Jina lenyewe la Darajani linatokana na daraja lililovuka mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mkono ule wa bahari ulifukiwa zamani na daraja halipo tena, lakini watu wanavuka pale kila siku.

Hapo ndipo kikundi chetu kidogo kilipoanza mwaka 2010. Tulikuwa akina mama 12, Wakristo na Waislamu, kama lilivyo soko lenyewe. Kazi yetu ni ya kujitolea. Tunachukua utabiri unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, tunaueleza kwa maneno ya jikoni na ya shambani, kisha tunaufikisha kwa wenzetu ambao hawana nafasi ya kukaa mbele ya redio: wauza mboga, wakaanga samaki na wakulima wa mwani. Nao hutuletea wanayoyaona kwao, kama kisima kilichoingia chumvi, mvua ya vuli iliyochelewa, au pwani inayoliwa na mawimbi. Wataalamu huiita kazi hii mawasiliano ya mabadiliko ya tabianchi. Sisi tuliiita kupashana habari.

Hata hivyo, leo hatutaki kuzungumzia hali ya hewa peke yake. Tunataka kuzungumzia jambo linalovunja vikundi vingi vya akina mama, viwe vya kanisani, vya kuweka na kukopa, au vya mazingira kama chetu. Nalo ni siku ile kiongozi anapoondoka.

Mwani ulionyeshewa

Kiongozi wetu wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu. Sote tulimwita Bi Mkubwa, na tutamwita hivyo hapa pia. Kwa miaka 11 alikuwa kila kitu kwetu. Yeye ndiye aliyejua nani wa kumpigia simu katika kila kijiji, nani anayejua kusoma, nani ana mume asiyependa mkewe apigiwe simu usiku, na nani akiambiwa jambo atalifikisha kwa wenzake kisimani. Daftari lake lilikuwa kichwa chake na simu yake ndogo.

Mwanzoni mwa Aprili 2021 macho yalianza kumsumbua sana. Binti yake alikuja akamchukua kwenda naye Dar es Salaam kwa matibabu, na ndani ya siku 3 Bi Mkubwa hakuwepo. Tulimsindikiza bandarini kwa machozi, tukarudi Darajani, kila mtu akaendelea na biashara yake.

Wiki ile ilitabiriwa mvua kubwa. Habari tulikuwa nayo. Watu wa kuipeleka tulikuwepo. Lakini nani wa kupigiwa, na kwa namba gani? Kila mmoja wetu alidhani mwenzake anajua. Mvua ilinyesha usiku kucha.

Siku chache baadaye alikuja mama mmoja kutoka vijiji vya mashariki, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akipata habari kutoka kwetu. Mwani wake aliokuwa ameuanika ulikuwa umenyeshewa wote. Anayejua kazi ya mwani anajua maana yake. Mwani ulionyeshwa na mvua hupoteza ubora, na mnunuzi huukataa au hushusha bei. Yule mama hakutugombeza. Alituuliza neno moja tu: "Mbona safari hii hamkuniambia?"

Hatukuwa na jibu. Tulipoitisha mkutano wa kuchagua kiongozi mpya, kila mmoja alitazama chini. Mmoja alisema ana watoto wadogo, mwingine akasema hajasoma vya kutosha, mwingine biashara yake haimruhusu kuondoka. Tulipotajana majina ndipo maneno yalipoanza. "Yule bado mtoto." "Huyu ana hasira." Chai ilipoa mezani. Kabla ya mwezi kwisha, 3 kati yetu walikuwa wameacha kuja.

Kwa nini habari hizi ni za lazima

Huenda msomaji wetu wa bara akajiuliza kama kikundi cha akina mama kuacha kupeana habari za mvua ni jambo la kulilia. Hebu tuangalie kilimo cha mwani chenyewe.

Kilimo hiki kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani. Wanawake walikipenda kwa sababu kazi hufanyika maji yanapokupwa wakati wa bamvua, kisha mama hurudi nyumbani kupika. Wengi walipata fedha yao wenyewe kwa mara ya kwanza, wakanunua sare za shule, wakaezeka nyumba kwa mabati. Aina mbili zililimwa: cottonii, yenye bei nzuri, na spinosum, yenye bei ndogo. Miaka ilivyokwenda, maji ya pwani yenye kina kifupi yalizidi kuwa ya moto. Cottonii ilianza kuugua, ikageuka nyeupe na kukatika kambani, hata sehemu nyingi za Unguja ikashindikana kabisa. Waliobaki na spinosum walifanya kazi ile ile kwa fedha pungufu.

Dawa iliyoonekana ni kupeleka mwani kwenye maji ya kina zaidi, ambako hakuna joto kali. Lakini akina mama wengi hawajui kuogelea wala hawana mashua. Dk. Flower Msuya, mtaalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Unguja, aliona kwamba elimu ya maabara haitamfaa mkulima kama haimfikii majini. Mwaka 2006 alianzisha mpango wa kuwaunganisha wakulima wa mwani, wataalamu, wafanyabiashara na serikali ili wazungumze pamoja. Kutokana na juhudi za namna hiyo akina mama walijifunza njia mpya za kulima na kutengeneza sabuni ya mwani, kazi iliyofanywa pia na kikundi cha Kidoti chenye jina zuri la Tusife Moyo.

Unaona basi, msomaji. Kati ya mtaalamu na mama aliye majini kuna mnyororo wa watu, na wengi wao ni wa kujitolea. Pete moja ikikatika habari haifiki. Na katika vikundi vyetu pete inayokatika mara nyingi ni ile ya kiongozi mmoja anayebeba yote.

Tulichojifunza kutoka kwa jirani

Katika miezi ile ya kukata tamaa tulianza kuuliza: wenzetu wanafanyaje? Tukakumbuka habari za marehemu Wangari Maathai wa Kenya. Wengi wetu tunamjua kama mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Amani ya Nobel, mwaka 2004. Tusichokizungumza sana ni jinsi uongozi ulivyobadilika katika maisha yake, na kwa gharama gani.

Kazi ya kupanda miti aliianza mwaka 1977 chini ya Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya. Alipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa Baraza hilo mwaka 1980, chama kikubwa cha Maendeleo ya Wanawake kilijitoa, na Baraza likabaki karibu bila fedha. Lingeweza kufa. Liliponea kwa kushikilia kazi ya mazingira. Mwaka 1987 aliacha kiti cha Baraza ili aendelee na shirika la Green Belt, ambalo lilitenganishwa na Baraza. Na mwaka 2011, tarehe 25 Septemba, alifariki dunia.

Je, miti ilikufa pamoja naye? La. Shirika liliendelea, na hesabu yake ya miti iliyopandwa inapita milioni 51. Sababu moja ni kwamba tangu mwanzo kazi haikuwa ya mtu mmoja. Kulikuwa na hatua 10 zilizoelezwa wazi, ambazo kikundi chochote cha akina mama kingeweza kuzifuata: kujiunga, kuandaa kitalu, kuhesabu miche, kufuatilia iliyoshika. Walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliopona, hivyo ilibidi kila kikundi kiwe na hesabu zake. Mama wa kijijini asiye na cheti alijua kazi kama anavyojua kupika ugali.

Karibu nasi zaidi, katika kijiji cha Gazi pwani ya Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukilinda mikoko na kuuza hewa ukaa tangu mwaka 2013. Huko nako wanakijiji wana kamati wanayoichagua wenyewe, na mapato yamesaidia maji na vitabu vya shule.

Siku 2 kitandani kwa Bi Mkubwa

Tuliamua kwenda Dar es Salaam. Tulichangishana nauli ya boti, tukaenda wawili, na daftari jipya mkononi. Bi Mkubwa alikuwa ameketi kitandani, macho yamefungwa kitambaa. Tulipomweleza habari ya mwani alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Wanangu, mimi nilidhani nawapunguzia mzigo. Kumbe nilikuwa nauficha."

Kwa siku 2 alitutajia majina, kijiji kwa kijiji, nasi tukaandika. Kwa kila jina alikuwa na neno: huyu mpigie baada ya Isha, huyu mwenye lafudhi ya kimakunduchi usimcheke, huyu muulize kwanza hali ya mtoto wake. Hapo tulielewa kwamba kile tulichokiita daftari kilikuwa upendo wa miaka 11. Upendo huo ungeweza kuandikwa, lakini hakuna aliyewahi kumwomba auandike.

Tuliporudi tulikubaliana mambo haya, na tunayaweka hapa kwa faida ya kikundi chako:

1. Kiongozi atashika kwa miaka 2, na anaweza kurudi mara moja tu. Kujua mwisho wa kazi humpa mtu ujasiri wa kuikubali.

2. Kila kazi itajulikana na watu wawili. Mmoja akiugua, mwenzake aianze bila kuuliza.

3. Daftari litanakiliwa mara 3 na kuwekwa katika nyumba 3. Majina yatasahihishwa kila kabla ya masika na kila kabla ya vuli.

4. Makabidhiano yatafanyika mbele ya wote. Wasomaji wetu wa Biblia wanakumbuka kwamba Musa hakumkabidhi Yoshua kazi gizani. Alimsimamisha mbele ya watu wote, ili asije mtu akauliza yule ametoka wapi.

5. Kiongozi aliyemaliza atapewa kiti cha mshauri. Ataulizwa, lakini hatashika tena funguo.

6. Nauli na vocha ya simu zitatoka katika mchango wa wote. Kujitolea kusiwe sababu ya watoto wa mtu kulala na njaa.

Tulimchagua binti mwuza khanga ambaye alikuwa mdogo kuliko sote. Mama mkubwa aliyekuwa amesema "yule bado mtoto" alisimama siku ya makabidhiano. Tulishika roho. Akasema, "Basi mimi nitakuwa mkono wake," akaandikishwa kuwa mtu wa pili. Kati ya wale 3 walioacha, wawili walirudi. Mmoja hakurudi mpaka leo, na hilo tunalihesabu kuwa kosa letu.

Jaribio la Mei 2024

Mwanzoni mwa Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari ya kimbunga kilichoitwa Hidaya, kikielekea pwani yetu karibu na Mafia. Usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Unguja ulisimamishwa. Na kiongozi wetu siku hiyo alikuwa wapi? Alikuwa nyumbani, amejifungua, hajatimiza hata wiki.

Hatukumsumbua. Yule mkono wake alifungua daftari, akagawa majina, na kila mmoja akachukua vijiji vyake. Hadi jioni kila jina lilikuwa limewekewa alama. Yule mama wa mashariki alijibu kwa maneno mawili: "Nimeanua yote."

Tulimpigia Bi Mkubwa tukamsomea ujumbe ule. Alicheka, kisha akauliza kama kuna aliyekumbuka kuulizia hali ya yule mtoto. Alikuwepo, kwa sababu ilikuwa imeandikwa.

Mpenzi msomaji, huenda wewe ndiye Bi Mkubwa wa kikundi chako. Wenzako wanakutegemea, nawe unaona uchungu kuwabebesha. Usingoje ugonjwa uje kukutoa. Jioni ya leo chukua kalamu, andika majina kumi ya kwanza, na kesho mwite mmoja aje akae karibu nawe ajifunze. Na kama wewe ni yule anayetazama chini uongozi unapotajwa, basi inua macho. Hutaulizwa kujua yote. Utaombwa kushika upande mmoja wa daftari.