Ganesh wa Udongo Mbichi

Pembe za ndovu zilizotoka Kabambare na Kasongo, hapa kwetu Maniema, katika karne ya 19 zilipofika Unguja, zilipitia forodha iliyokuwa mikononi mwa kampuni ya Jairam Shivji, Mhindu wa asili ya Kutch, magharibi mwa India. Waswahili waliwaita watu wake Wabaniani. Biashara kati yetu na wao ni ya vizazi na vizazi, lakini ni wachache kati yetu waliowahi kuona ibada ya nyumbani mwao. Kwetu sisi wa Maniema, tunaoishi kwa udongo na mito, ipo desturi yao moja inayofaa tuijue: sanamu ya Ganesh ya udongo mbichi.

Ganesh, mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha ndovu, huombwa kabla ya safari, ndoa au kufungua duka, kwa imani kwamba huondoa vikwazo. Masimulizi yanasema mama yake, Parvati, alimfinyanga kwa manjano aliyojipaka mwilini, kisha akampa uhai. Sikukuu yake, Ganesh Chaturthi, huangukia Agosti au Septemba. Mwaka 1893 mwanasiasa wa India Bal Gangadhar Tilak aliihimiza iadhimishwe hadharani, na leo Mumbai hufurika watu barabarani. Hata hivyo, iwe huko au kwa Wahindu wa Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala, kitovu cha sikukuu hii bado ni sebule ya nyumba.

Udongo huchekechwa hadi changarawe ziishe, ukakandwa na maji mpaka ulainike. Mfinyanzi huanza na tumbo kubwa, hufuata mabega, kisha mkonga unaopinda kuelekea kitamutamu kilichomo mkononi. Mkonga hugandamizwa kifuani, maana ukiachwa ukining'inia utakatika unapokauka. Sanamu hukaushwa kivulini isipasuke, ikapakwa manjano na udongo mwekundu. Motoni haiingii kabisa. Mama mfinyanzi wa Kabambare angesema kazi haijaisha, kwani chungu kibichi hakishiki maji. Lakini sanamu hii imekusudiwa kuyeyuka.

Siku ya kwanza husomwa dua za kuialika pumzi ya mungu iingie ndani yake. Kuanzia hapo hutunzwa kama mgeni wa heshima: huwashiwa taa asubuhi na jioni, huwekewa maua mekundu na majani 21 ya nyasi ya durva, na hupikiwa modak, vidonge vya unga wa mchele vilivyojazwa nazi na sukari guru. Baada ya siku moja na nusu, tatu, tano, saba au kumi, mgeni huagwa, huombwa arudi mwakani, na sanamu huzamishwa majini. Udongo unarudi ulikotoka.

Plasta ya jasi ndiyo iliyovuruga mpango huo. Ni nyepesi, ni rahisi, na kalibu moja hutoa sanamu nyingi kwa siku. Lakini ikizamishwa haimumunyuki upesi. Vichwa na mikono iliyovunjika hukutwa ufukweni, na rangi zenye madini kama risasi na zebaki huwadhuru samaki na wanaowala. Mei 2020 Bodi Kuu ya Kudhibiti Uchafuzi ya India ilitoa mwongozo uliokataza sanamu za plasta, ingawa utekelezaji wake umesuasua. Familia nyingi hazikusubiri serikali: huchukua sanamu ndogo ya udongo, huiyeyusha kwenye ndoo uani, na maji yake humwagiwa mimea.

Wengine huuita utaratibu huo mtindo wa kisasa. Kwangu mimi ni kurudi kwenye desturi yenyewe, kwa sababu mgeni aliyeagwa hapaswi kuacha taka mlangoni. Familia za Afrika Mashariki zinazoagiza sanamu kutoka ng'ambo zingeweza kumwendea mfinyanzi wa jirani, kwani udongo upo na mikono yenye ujuzi ipo.

Watu wa mito ya Luama na Lualaba hawahitaji kuwa Wahindu ili waiheshimu desturi hii. Anayeabudu upande wa juu wa mto ana wajibu kwa anayechota maji upande wa chini. Sanamu ya udongo mbichi inatimiza wajibu huo, ya plasta inauvunja, na uamuzi uko kwa kila nyumba inayosherehekea.