Faida ya Kumnoa Meneja Hupimwaje?

Kampuni nyingi huajiri mkufunzi ambaye huketi na meneja faragha kwa miezi kadhaa, akimnoa katika kuongoza watu, kugawa kazi na kukata shauri. Ujira wake si haba, nao hutoka katika mfuko uleule unaolipa mishahara na kununua mitambo. Kwa hiyo ni haki kuuliza: je, fedha hizo zimezaa faida?

Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alieleza ngazi nne za kupima mafunzo: kwanza, kuridhika kwa mwanafunzi, pili, maarifa aliyoyapata, tatu, mabadiliko ya mwenendo wake kazini, nne, matokeo kwa shirika. Ngazi ya kwanza ndiyo rahisi, maana yatosha kumwuliza meneja kama aliyapenda mafunzo. Lakini kupenda si faida.

Hata ngazi ya nne ina mtego wake. Aghalabu mkufunzi huitwa mambo yanapoharibika. Na baada ya mwaka mbaya kupita kiasi, mwaka ufuatao huelekea kuwa wa kawaida, hata pasipo mkufunzi. Ndiyo maana hulazimu kuwapo kundi la ulinganisho, kama vile mkulima anayejaribu mbolea aachavyo kipande kimoja cha shamba bila kukitia. Makundi hayo hugawanywa kwa kura, ili mameneja hodari wasirundikane upande mmoja. Ikiwa mapato ya idara zilizonolewa yamepanda kwa asilimia 12, na ya zisizonolewa kwa asilimia 9, mkufunzi hawezi kudai zaidi ya 3. Tena gharama yake haijatolewa.

Jaribio la namna hii lilianza mwaka 2008 katika viwanda vya nguo karibu na Mumbai, India. Huko hakunolewa mtu mmoja, bali uendeshaji wa kiwanda kizima. Kwa kura, viwanda 14 vilipewa washauri kwa miezi mitano. Vingine 6 vilipata mwezi mmoja tu wa uchunguzi. Katika mwaka wa kwanza, ushauri huo uliongeza tija kwa asilimia 17. Watafiti waliporudi mwaka 2017 walikuta karibu nusu ya taratibu mpya zimeachwa, ingawa tofauti baina ya makundi mawili ilikuwa bado ipo.

Basi anayedai kwamba mafunzo yameleta faida apaswa kujibu maswali matatu: ikilinganishwa na nani, kwa gharama gani, na kwa muda gani?